Dada Amekaa Upande Gani

Fundi wa sauti mmoja, ambaye wenzake kazini walimwita Mizani, alikuwa na imani yake, nayo ni kwamba kila sauti ina kiti chake. Mwimbaji na ngoma nzito hukaa katikati. Gitaa hukaa kushoto, kinanda kulia, waitikiaji hutawanywa pembeni kama wageni waliochelewa. Ukiwabananisha wote kwenye kiti kimoja, alikuwa akisema, watakanyagana, na msikilizaji ataondoka na maumivu ya kichwa asijue nani kamuumiza.

Mbele yake studio palikuwa na miksa, mashine ya kuchanganyia sauti, pana kama meza ya chakula, na kila sauti iliyoingia humo ilikuwa na kitufe chake kidogo cha kuzungusha. Ukikizungusha kushoto, sauti inahamia spika ya kushoto. Ukikizungusha kulia, inakwenda kulia. Ukikiacha wima, inasimama katikati, hewani, mahali ambapo hakuna spika yoyote. Hilo la mwisho lilimshangaza tangu ujana wake na halikuacha kumshangaza. Mtu anaimba mbele yako, unaweza kumwonyesha kwa kidole, na ukinyoosha mkono kumgusa hayupo.

Alipata sifa kwa filamu moja ambayo wengi wamesahau kisa chake ila mlango. Watu wote kwenye picha walikuwa wanatazama kushoto, naye Mizani akaiweka sauti ya hodi kulia kabisa, taratibu, kama mtu mwenye adabu. Ukumbi mzima uligeuza shingo. Mlinzi wa ukumbi akaenda kufungua mlango wa dharura, akachungulia nje, akarudi akisema hakuna mtu. Miaka mingi baadaye Mizani bado alikuwa akikisimulia kisa hicho na kucheka kabla hajafika mwisho.

Mambo yalianza kuharibika mwaka ambao dada yake alifariki. Wiki ile ile ya mazishi aliamka asubuhi akakuta sikio la kulia limezima. Halikuuma wala halikutoa chochote. Daktari alimulika ndani, akaandika dawa, akamwambia mshipa wa kusikia ukishaugua namna hiyo mara nyingine haurudi. Wake haukurudi. Mama yake alikuwa akimkaripia tangu utotoni kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na sasa kila alipomeza vidonge alikumbuka maneno hayo, akacheka peke yake, kicheko kisicho na raha.

Hakumwambia mtu. Nani atampa kazi ya kupanga kushoto na kulia mtu ambaye kwake kulia hakuna kitu? Akabuni njia. Alivaa hedifoni zake kama kawaida, akasikiliza upande wa kushoto kwa sikio zima. Kisha akazivua, akazigeuza, na upande wa kulia ukaja kukaa kwenye sikio lile lile. Kama pande mbili zinalingana nguvu, aliachia mishale ya miksa imwambie. Kazi ziliendelea kutoka, na wapo waliosema zimekuwa nzuri kuliko zamani, jambo ambalo lilimfurahisha na kumuudhi kwa pamoja.

Tatizo ni kwamba sikio lililokufa halikunyamaza. Mara kwa mara, hasa mchana akiwa ameketi peke yake, lilikuwa na kitu kama mtu aliyesimama karibu sana, anayevuta pumzi ili aseme neno. Halisemi. Anajiandaa tu. Daktari alieleza kwamba masikio ya namna hiyo huwa na kelele zake, na Mizani aliyakubali maelezo hayo kama msomi yeyote. Lakini alianza kuchagua viti ambavyo kulia kwake kuna ukuta. Pahali pekee aliposhindwa kufanya hivyo ni jikoni kwake, kwa kuwa upande huo mama yake alishaukalia.

Mama aliishi naye tangu mke wa Mizani alipohamia kwa binti yao kumsaidia kulea mtoto. Alikuwa mzee wa mikono myepesi na ulimi mkali, na siku nzima alikaa kwenye kigoda chake karibu na redio ndogo ya spika moja, ambayo ilitangaza habari, ikauza sabuni na kumchukia kila mtu aliyejaribu kuibadilisha stesheni. Siku moja, akimenya viazi, alisema, "Mwanangu, sura ya dada yako ninayo, picha ziko ukutani. Sauti inanitoka."

Kwa bahati Mizani alikuwa amemgeukia. "Inakutoka vipi, mama?"

"Nikimkumbuka akiniita, naona mdomo unafunguka, hakuna kinachotoka. Jana nikamsikia, nikafurahi. Kumbe ni sauti ya jirani." Akatupa ganda kwenye ndoo. "Nitafutie ya kwake, kabla sijamtia sauti ya mtu mwingine mdomoni."

Mizani aliweka kikombe chini. Alijua sauti hiyo iko wapi, na alikuwa ameikwepa mwaka mzima.

Ilikuwa ndani ya boksi la viatu juu ya kabati, kwenye kanda moja ya zamani. Wakati huo dada yake aliimba katika bendi iliyofanya mazoezi chumba cha nyuma nyumbani kwa wazazi, naye Mizani ndiye aliyekunja waya na kubeba spika. Mchana mmoja wenzake hawakutokea, dada akasema, basi nirekodi mimi, nina wimbo wangu. Mizani alifunga maiki mbili kwenye stendi moja, moja ikitazama kushoto na nyingine kulia, na dada akasimama katikati yake. Waya wa maiki ya kwanza ulitoka dukani. Wa pili Mizani alikuwa ameulehemu mwenyewe wiki hiyo, waya wake wa kwanza maishani, na alikuwa anaringa nao kama bwana harusi. Muda si mrefu bendi ilivunjika kwa ugomvi wa kipuuzi, na kanda ile haikusikilizwa tena.

Aliihamishia kwenye kompyuta ya studio. Akamwita mpiga gitaa akacheza, akaongeza ngoma na besi, akakata vipande vya mwanzo na mwisho vilivyokuwa na maneno maneno, kama fundi yeyote anavyosafisha kazi. Ikabaki sauti ya dada, katika maiki mbili. Fundi mwingine angeziweka zote mbili katikati, kiti cha waimbaji. Mizani hakutaka. Dada yake hakuwa mtu wa kiti kimoja. Akiingia chumbani, chumba chote kilikuwa chake. Basi akakizungusha kitufe cha maiki ya kwanza kushoto hadi mwisho, na cha pili kulia hadi mwisho, ili aenee kote. Akavaa hedifoni. Dada yupo, mzima, na ile mikwaruzo midogo kooni mwake. Akazigeuza. Yupo upande huo pia. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Wa kwanza kumtia wasiwasi alikuwa mhariri wa picha, mwanamke mtulivu wa chumba cha pili ambaye kutwa alikata na kuunga filamu. Mizani alimwomba asikilize. Mhariri alivaa hedifoni, akasikiliza kidogo, akageuka kutazama ukuta uliokuwa nyuma yake.

"Mzee Mizani, huyu mwimbaji umemkalisha wapi?"

"Kote."

"Hapana." Akazivua hedifoni taratibu. "Vyombo naviona, viko mbele. Yeye yuko nyuma ya shingo yangu. Tena ndani. Sijui nisemeje."

Siku iliyofuata msafishaji aliingia na ndoo yake wakati wimbo unacheza kwenye spika, akasimama, akashika masikio, akarudi nyuma kwa kisigino hadi mlangoni. Alisema amehisi mtu kamsogelea kwa nyuma, halafu hakuna mtu, halafu tena kamsogelea.

"Mnatishika kwa sababu mnajua hii ni sauti ya marehemu dada yangu," Mizani alimwambia.

"Kumbe ni marehemu?" msafishaji akauliza, na tangu hapo chumba hicho kilifagiliwa mlangoni tu.

Mizani alicheka walipokuwepo. Walipoondoka, aliketi kwenye kiti chake cha kazi, akaufungulia wimbo, akasubiri. Shingo yake haikuhisi kitu. Alisikia wimbo mzuri katika sikio la kushoto, basi. Ndipo wivu ukamwingia, na wivu wa kumgombea marehemu ni mchungu, hauna wa kumshtakia. Dada anamjia mhariri, anamjia msafishaji ambaye hakumjua hata kwa jina, na ndugu yake wa tumbo moja anamruka. Labda anakuja kulia, aliwaza, upande ambao mimi nimefunga mlango. Na mwili ukamsisimka, kwa sababu wakati huo huo, kulia, yule anayejiandaa kusema alikuwa anavuta pumzi.

Hata hivyo mama alikuwa anangoja. Jumapili asubuhi Mizani aliutia wimbo kwenye flashi, akaichomeka kwenye redio ndogo. Mama alifuta mikono, akaweka kisu chini, akasogeza kigoda. Ngoma ikaanza, besi ikafuata, gitaa likajibu. Mama alitikisa kichwa kidogo, ameridhika. Ikafika mahali pa kuimba.

Hakuna aliyeimba.

Gitaa liliendelea, likimwachia mtu nafasi. Ndani ya nafasi hiyo palikuwa na chumba, chumba kile cha nyuma, na kuta zake zilikuwa zinarudisha mwangwi mwembamba wa mtu ambaye hakusema kitu. Ubao wa sakafu ulilia, kama anayeusimamia amehamisha uzito mguu mwingine. Mizani alidhani redio imeharibika, akanyoosha mkono, mama akamzuia.

"Subiri. Kuna mwanamume humu."

Alikuwepo. Chini chini, pembeni, mwanamume aliguna kwa pua, akiufuata wimbo ambao haukuwepo, akipotea, akiurudia. Mara moja alikohoa. Mchana ule chumbani walikuwa watu wawili tu, yeye na dada yake, na dada yake alikuwa ameondolewa kama neno linavyofutwa ubaoni. Kikohozi kile alikifahamu. Alikuwa nacho mpaka leo.

"Ni wewe," mama akasema. "Dada yako hayumo. Umebaki wewe."

"Mama, studio alikuwepo. Nimemsikia kwa sikio langu."

"Sikatai." Mama aliizima redio. Alipoendelea hakuwa anamsemesha yeye. "Mwanzo nilikuwa nauona mdomo ukifunguka. Sasa hata mdomo siuoni."

Mizani alitoka nje akasimama kwenye ngazi. Woga ulikuwepo, hatukatai, lakini mtu aliyeishi kwa kazi fulani hata woga wake una ufundi ndani yake, na hapo kwenye ngazi ufundi ulianza kuongea. Redio ya mama ina spika moja. Kwenye spika moja, kushoto na kulia humwagwa pamoja. Na waya wa maiki, ndani yake, una nyaya mbili za kazi. Ukizilehemu kinyume, maiki hiyo itakuwa inavuta pale ambapo mwenzake inasukuma. Kila moja peke yake iko sawa, sikio haliwezi kujua. Ukiziweka pamoja ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu ndani na huyu nje, kwa nguvu zilizo sawa. Mlango hautikisiki. Dada alisimama katikati kabisa, sauti yake ikafika kwenye maiki zote mbili kwa nguvu ile ile, ikajifuta yenyewe. Aliyekaa pembeni, akiguna, ndiye aliyepona.

Mtu mwenye masikio mawili angejua siku ya kwanza. Ile sauti inayosogea nyuma ya shingo, isiyo na kiti, ndiyo dalili yenyewe. Mizani mwenyewe aliwahi kuwafundisha wengine. Lakini yeye alisikiliza kushoto, akageuza, akasikiliza kulia, na hakuna siku hata moja aliyosikia pande mbili kwa masikio mawili. Au kama angeziweka maiki zote mbili katikati, kiti cha kila mwimbaji, angemsikia akitoweka hapo hapo. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa waya alioringa nao.

Jumatatu alifika studio kabla ya wote. Alivisimamisha vitufe viwili wima, na katika sikio lake la kushoto dada akatoweka, akabaki kijana anayeguna. Akabonyeza kidude kidogo cha miksa, juu ya kitufe cha maiki ya pili, kile kinachogeuza kusukuma kuwa kuvuta. Dada akarudi, mbele, katikati, na kijana akafunikwa na sauti yake kama alivyofunikwa maisha yote. Mizani aliweka kichwa juu ya miksa akalia kwa sauti.

Mhariri ndiye aliyemkuta. Alisimama mlangoni akisikiliza, kisha akaingia hadi katikati ya chumba, bila kugeuka nyuma. "Sasa yuko hapo," akasema, akaonyesha hewa kati ya spika.

"Sikio langu la kulia limekufa," Mizani akamwambia. "Kosa lilikuwa langu."

Mhariri alizitazama hedifoni mezani. "Ndiyo maana unageuza hedifoni?"

"Ndiyo."

"Sisi tulidhani ni ufundi. Mimi mwenyewe nimeanza kuzigeuza."

Walicheka, na kicheko kilimsaidia. Kabla ya kuutoa wimbo, Mizani alirudi kwenye kanda akachukua kipande cha mwisho alichokuwa amekikata, akakiunga mahali pake. Sababu hakumwambia mhariri, na nyumbani hakumwambia mama.

Jioni mapema, jua likiwa bado dirishani, redio iliwashwa tena. Ngoma, besi, gitaa. Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza kama mtu anayengoja kuchomwa sindano. Dada akaimba. Akaimba ndani ya jiko, kwa spika moja iliyopasuka kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi Mizani alijua kwamba anachosikia yeye ndicho anachosikia mtu mwingine, sawasawa, bila kulia wala kushoto. Midomo ya mama ilikuwa inamfuata neno kwa neno. Wimbo ukaisha, ubao wa sakafu ukalia. Kutoka nje ya chumba kile, mbali sana, uani, mwanamke akaita jina la binti yake, na sauti ya dada ikajibu karibu kabisa, imegeuka kidogo kuelekea mlango.

"Nakuja, mama."

"Haya, njoo," mama akasema.

Kisha jiko likawa kimya. Mizani aliinama akitazama meza, akisubiri mama alie, lakini hakusikia kilio. Baadaye mkono ukamtikisa bega. Mama alikuwa amemkazia macho.

"Nasema nawe, mbona hujibu?"

Alikuwa upande wake wa kulia, mahali alipokaa siku zote. "Mama, sikio hilo halisikii. Tangu tulipozika."

Mama alimtazama sikio, kana kwamba kosa lingeonekana kwa nje. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema, lakini ukali ulimwishia njiani. "Mwaka mzima nimekaa hapa nakusemesha. Wewe kimya. Nikajua huyu naye amenichoka, anangoja niende."

"Sivyo, mama."

"Nimeongea na ukuta mwaka mzima." Akainuka kwa kushika meza, akachukua kigoda chake kwa mkono mmoja, akazunguka nyuma ya kiti cha Mizani hatua kwa hatua, akakiweka kushoto. Akakaa. Sauti yake ikaja kamili, ya karibu, na pumzi zake za uzee. "Nilikuuliza, umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Rudisha. Hapo mwisho."

Mizani alirudisha. Mama aliinamia redio, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa mwanawe. Ubao ukalia, mwanamke akaita kutoka uani. Upande wa kulia, mahali ambapo kigoda kilikuwa kimetoka, hapakuwa na mtu, Mizani alijua. Lakini ndani ya sikio lililokufa yule aliyekuwa akijiandaa mwaka mzima alivuta pumzi, safari hii hadi mwisho.

"Nakuja, mama," redio ikasema.

Mizani hakugeuka kutazama. Alisogeza kiti chake kidogo kushoto, karibu na mama yake, ili pale kulia pawe na nafasi ya mtu kukaa.